Waya bapa ndani ya lipu na chini ya bati: jibu kwa dada anayejenga Kibaha

Marahaba, dada. Kwanza nirudie ulichouliza, ili na wengine wanaojenga wakifuate.

Nyumba yako ya vyumba vitatu iko Kibaha, bati limeshapanda, kuta hazijapigwa lipu. Fundi wa kwanza anataka kupigilia waya bapa, ule wa twini (nyaya mbili za umeme ndani ya koti moja) wenye ethi (waya wa ardhi), moja kwa moja kwenye tofali, lipu ipite juu yake, na darini aupitishe kwenye kenchi bila bomba. Fundi wa pili amekataa katakata: anataka mabomba na nyaya za singo (kila waya peke yake) nyumba nzima. Unauliza nani asikilizwe, kwa nini ethi ndani ya twini iko uchi, na utajuaje roli uliyonunua si feki. Halafu mwishoni, kama kwa kupita tu, umesema kwamba shawa ya maji moto itaungwa kwenye laini ya soketi za chumbani, na kipande kitakachobaki kitafukiwa kwenda kwenye pampu ya kisima. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikujibu leo hii.

Kwa kifupi, ukutani msikilize fundi wa pili. Darini fundi wa kwanza hajakosea, ila amelisahau bati. Na sababu zangu karibu zote ni za ganda, si za shaba. Watu wakinunua waya huuliza shaba tu, lakini shaba ya nyumbani haichakai kwa kupitisha umeme. Kinachochakaa ni plastiki iliyoizunguka, na adui yake mkubwa ni joto.

Chukua kipande cha twini ya 2.5, ukikate kwa kisu kikali, utazame mdomo wake. Hiyo 2.5 ni eneo la shaba kwa milimita za mraba. Utaona viini viwili, kila kimoja kimevaa ganda lake la PVC, yaani hiyo plastiki, lenye unene wa milimita 0.8. Katikati yao imelala ethi ya 1.5 isiyo na ganda, na vyote vitatu vimefungwa ndani ya koti moja la milimita 1 hivi. Hivyo ndivyo kiwango cha Uingereza, BS 6004, kilivyoupanga, na twini nyingi zinazouzwa kwetu zimefuata umbo hilo. Ubapa wake una maana. Waya bapa una uso mpana wa kutolea joto kuliko wa mviringo wenye shaba ileile, na unakaa kwenye mfereji wa kina kifupi bila fundi kutindua tofali hadi moyoni. Unakunjika vizuri kwa upande wa tumbo. Ukikunjwa kwa ubavu, koti linavutika upande mmoja na kukunjamana upande mwingine, na viini vinasukumana ndani. Fundi mzuri kwenye kona huugeuza kwanza, ndipo aupinde, na upinde wenyewe hauwi mkali kuliko mviringo wa chupa ya soda.

Sasa ethi. Siku zote za amani haibebi umeme wowote, na hali yake ni sawa na ya ardhi unayokanyaga, kwa hiyo maadamu imebaki ndani ya koti haihitaji ganda la peke yake. Kuiacha uchi kunaupunguza waya unene na gharama. Ni nyembamba kuliko wenzake kwa kuwa kazi yake ni ya kufumba na kufumbua: hitilafu ikitokea, ibebe mkondo mkubwa mpaka breka (swichi inayojikata yenyewe) ikatike. Lakini fundi akishalivua koti ndani ya boksi la soketi, ethi uchi inabaki sentimita chache kutoka kwenye skrubu ya laivu (waya unaoleta umeme). Hapo lazima ivishwe mrija wa kijani na njano, urefu wote unaoonekana. Nimefungua soketi nyingi nikakuta mrija huo haupo, na ni kitu cha bei ndogo kabisa. Mwambie fundi unataka kuuona kabla hajafunga.

Na akivua koti, mtazame anavyovua. Wapo wanaozungusha kisu kama wanamenya muwa, na kisu kinafika hadi kwenye ganda la ndani. Mkato huo hautauona tena, umezikwa ukutani. Njia salama waya wenyewe umeibeba: unapasua ncha ya koti kidogo, unaishika ethi kwa koleo, unaivuta kurudi nyuma, nayo inalichana koti kama uzi unavyokata mkate wa sabuni. Viini viwili havijaguswa.

Jambo la rangi nilitaje upesi maana limewahi kuua. Zamani laivu ilikuwa nyekundu na nyutro (waya unaourudisha) nyeusi. Mfumo mpya umeweka kahawia na bluu. Kwenye umeme wa fezi tatu, bluu ya zamani ilikuwa fezi, na bluu ya sasa ni nyutro. Ukinunua maroli mawili ya rangi tofauti, usiyachanganye kwenye nyumba moja, na yeyote asiguse waya kwa kuamini rangi bila kupima.

Turudi kwenye ganda. PVC tupu ni ngumu kama bomba la maji taka. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon, akifanya kazi kwenye kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, aliona kwamba ukiipasha pamoja na vimiminika fulani vizito inalainika kama mpira. Vilainishi hivyo ndivyo vinavyoufanya waya wako ukunjike. Havijafungwa na plastiki moja kwa moja. Vimekaa ndani yake kama mafuta ndani ya nazi, na joto likizidi vinatoka kidogo kidogo. Vikitoka, ganda linakakamaa, linapasuka kwenye kona, na siku mtu akigusa taa ili abadilishe glopu, vipande vinapukutika kama ganda la karanga.

Kwa hiyo PVC ya kawaida imewekewa ukomo wa nyuzi 70 za Selsiasi. Zingatia: hizo ni nyuzi za shaba yenyewe waya ukiwa kazini, si za hewa. Wakati wa shoti inaruhusiwa kuruka hadi 160, kwa sekunde chache tu. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi, maisha ya kihami (ganda linalozuia umeme) hupungua nusu. Si hesabu ya duka, lakini inakuonyesha kwa nini waya unaoendeshwa nyuzi 80 au 90 kila jioni hauwezi kufikisha umri ulioutarajia.

Joto lenyewe linatoka pande mbili. La kwanza linazaliwa ndani ya shaba. Twini ya 2.5 ikibeba ampea 20, kila mita moja inatoa wati 7 hivi. Ukiongeza mkondo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. La pili linatoka nje, na hapa ndipo nyumba zetu zinapotofautiana na zile zilizoandikiwa majedwali ya uwezo wa waya. Jedwali la Uingereza linasema twini ya 2.5 iliyopigiliwa kwenye uso wa ukuta inabeba ampea 27. Ni kweli, hewa ikiwa nyuzi 30. Lakini darini kwako, chini ya bati lisilo na kitu cha kuzuia joto, adhuhuri ya Januari, hewa kufika nyuzi 50 si ajabu. Kwa nyuzi 50 unazidisha 27 kwa 0.71, unabaki na 19. Fundi akizifunga laini nne pamoja kwa kamba ili zipendeze macho, zote zikiwa na mzigo, unazidisha tena kwa 0.65. Umebaki na ampea 12 na nusu kwenye waya ambao fundi aliuwekea breka ya 20. Breka haitakatika, maana kwake ampea 18 ni sawa tu. Waya ndio utakaopikwa, kimya kimya, miaka na miaka.

Sikutishi ili uache twini darini. Hata mimi naiweka. Ninachotaka ni ipigiliwe kwenye mbao za chini za kenchi, karibu na dari, mbali na bati na misumari yake. Kila laini ipite peke yake, nafasi ya kidole au zaidi kati yake na mwenzake. Usikubali shada. Klipu ziwe za saizi ya waya. Nyundo ikikandamiza klipu hadi koti linabonyea, ganda la ndani nalo linasukumwa. Ukija kuweka sufi ya kuzuia joto juu ya jipsamu, waya upite juu ya sufi au pembeni, usifukiwe ndani yake. Twini hiyohiyo ya 2.5 ikizamishwa kwenye sufi pande zote hubaki na ampea 13 na nusu, hata kabla hujahesabu joto la bati.

Jambo lingine ambalo watu hawaambiwi: zile konisi nyeupe nyepesi za kupamba dari, zinazofanana na vifungashio vya televisheni, zisigusane na waya wa PVC. Vilainishi vinahama kutoka kwenye ganda kwenda kwenye konisi. Konisi inalainika na kunata, ganda linabaki gumu. Ukiweka konisi za aina hiyo, waya unaoshuka hapo uwe ndani ya bomba. Na panya, dada. Panya hatafuni kwa njaa, ananoa meno, na PVC laini inampendeza. Mashimo ya pembeni mwa paa yazibwe kabla ya dari kufungwa.

Nije ukutani, ambako mafundi wako wamegombana. Nitamtendea haki fundi wa kwanza: kulaza waya bapa ndani ya lipu si uzushi wake. Uingereza wanafanya hivyo, na saruji haili PVC. Ila wenzetu wana masharti. Waya ulio chini ya sentimita 5 kutoka kwenye uso wa ukuta hupita wima au mlalo kutoka kwenye swichi au soketi, au ndani ya sentimita 15 za kona au za juu ya ukuta, ili anayepigilia msumari ajue pa kukwepa. Huku kwetu nimeona waya ukikatiza mshazari kutoka kona ya dari hadi soketi, eti kuokoa mita mbili. Mwenye nyumba anakuja kutundika picha ya harusi.

Bomba la plastiki nalo halizuii msumari wa zege, tusidanganyane. Faida yake ni kwamba waya ukiharibika unauvuta, unaingiza mwingine, bila kuvunja lipu wala kuchafua rangi. Kwa nyumba unayotaka wajukuu wairithi, hilo linatosha kunishawishi. Kinachokukinga na msumari ni kingine: ile breka ya kuvuja umeme, ya miliampea 30. Mkondo ukivuja kwenda ardhini, iwe kwa msumari au kwa mwili wa mtu, inakata kwa sehemu ya sekunde. Kama bajeti inakubana, punguza taa za mapambo, usiipunguze hiyo.

Lakini fundi wa pili naye nina neno naye. Nyaya za singo zina ganda moja tu, hazina koti. Zimetengenezwa ziishi ndani ya bomba mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi nakuta bomba limeishia juu ya ukuta, kisha singo zinatoka na kutambaa darini zikiwa wazi kama kamba za kuanikia nguo. Hilo ni kosa kubwa kuliko la mwenzake. Ama bomba lifike kila mahali na maboksi yake, ama singo zisiwepo.

Mimi ningekufanyia hivi: twini darini kama nilivyoeleza, na kila laini ikishuka ukutani iingie kwenye bomba la milimita 20, laini moja bomba moja, wima kabisa hadi kwenye boksi lake, bila kiungo njiani. Ndani ya bomba uwezo wa 2.5 unashuka kutoka 27 hadi 23, kwa sababu hewa iliyonaswa haipoozi vizuri. Ukisukuma twini tatu kwenye bomba moja zitachubuana wakati wa kuvutwa na kupashana joto zikiwa kazini. Breka ya soketi za laini moja iwe 20, isiwe 32. Kwa taa, twini ya 1.5 na breka ya 6 au 10 inatosha.

Kuhusu feki, anza na mzani. Twini ya 2.5 yenye ethi ya 1.5 ina jumla ya milimita 6.5 za mraba za shaba, na shaba ni nzito, gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo. Piga hesabu: mita 100 zina kilo 5.8 za shaba peke yake, mita 90 zina kilo 5.2. Hapo hujaweka plastiki, ambayo nayo ina kilo zake. Roli zima likikaribia uzito huo au likiwa chini yake, mtu amekuibia shaba, mita, au vyote viwili. Kisha kwangua kiini kwa kisu. Rangi nyeupe ikitokea chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba, na kwenye viungo inafanya utando unaozuia umeme na kuchemka. Sumaku ikinasa, ni chuma. Fundi mwenye mita nzuri apime ukinzani wa kiini kimoja cha 2.5 kutoka ncha hadi ncha: mita 100 zisizidi omu 0.74.

Ganda nalo lipime. Likunje kwa nguvu kati ya vidole: likiacha mstari mweupe au likimeguka, limejazwa chokaa au plastiki iliyoyeyushwa mara ya pili. Maandishi juu ya koti yawe na jina la mtengenezaji, saizi, volti na kiwango, yasomeke kila baada ya nafasi fupi, na yasifutike kwa kidole chenye mate. Alama ya TBS (shirika la viwango Tanzania) itafute, ila usiishie hapo, maana alama huchapwa na yeyote mwenye mashine.

Sasa shawa. Ikiwa ni ya kilowati 5.5, inakula ampea 24 kwenye volti 230. Kwenye twini ya 2.5 yenye urefu wa mita 25 unapoteza karibu volti 11 njiani, na waya unabeba kuliko uwezo wake chini ya bati. Isiungwe kwenye soketi hata kwa siku moja ya majaribio. Iwe na laini yake kutoka meni swichi, twini ya 6, breka ya 32, na ipite kwenye breka ya kuvuja. Ya 6 ina ampea 47 kwenye jedwali. Hata kwa nyuzi 50 inabaki na 33, kwa hiyo breka inatangulia kukatika kabla waya haujaumia. Upotevu wa njiani unashuka hadi volti 4 na kidogo. Swichi yake ya kuzimia iwe ya kuvuta kwa kamba, au ikae nje ya bafu.

Na pampu: nakuomba usifukie hicho kipande cha twini. Koti lake halikutengenezwa kwa udongo wenye maji wala kwa jembe la bustani. Chini ya ardhi weka kebo yenye deraya, ile iliyovikwa nyuzi za chuma, kina cha nusu mita au zaidi, na utepe wa onyo juu yake. Ndani ya kisima kuna waya bapa mwingine ambao kwa jicho unafanana na twini, lakini ni ndugu wa mbali. Huo ni bapa ili ulale kando ya bomba linalopandisha maji bila kubanwa na kuta za kisima chembamba. Viini vyake ni vya nyuzi nyingi nyembamba, na kila kimoja kina ganda. Hauna ethi uchi, na plastiki au mpira wake umechaguliwa uishi majini. Ukiuza twini iliyobaki ukanunue huo, hujapoteza. Kiungo kati yake na pampu kifanywe kwa mirija ya kusinyaa yenye gundi ndani. Utepe mweusi wa dukani majini haudumu.

Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na leseni uione kwa macho. Akimaliza kuvuta nyaya, kabla ya lipu, piga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka kona hadi kwenye bomba. Kisha apime kihami kwa mega (kifaa cha kupimia kihami) ya volti 500, laivu na nyutro zikiwa pamoja dhidi ya ethi, halafu laivu dhidi ya nyutro, glopu na vifaa vyote vikiwa vimetolewa. Kanuni inakubali kuanzia megaomu 1, lakini nyumba mpya ikisoma chini ya 50 atafute jeraha liko wapi. Apime tena lipu ikikauka. Tofauti ya vipimo hivyo viwili itakuambia kama mwiko wa fundi lipu umegusa kitu.